Nilichojifunza kwa Bob Moses nikiwa mwalimu wa hisabati

Ukiwauliza walimu wenzangu wakutajie waliopigania haki za watu weusi Marekani, majina huja upesi: Martin Luther King, Malcolm X, Rosa Parks. Bob Moses hatajwi. Hata Same, mkoani Kilimanjaro, alikofundisha hisabati katika sekondari ya pale kuanzia mwaka 1969, nimekutana na watu wazima waliosoma wilaya ileile wasiolijua jina lake. Mimi nilishakuwa mwalimu wa somo hilohilo kwa miaka mingi nilipokutana na habari zake, na zimenibadilishia ufundishaji kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Naandika hapa maisha yake kama nilivyoyaelewa, pamoja na yale niliyoyajaribu mwenyewe kwa sababu yake.

Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 23 Januari 1935, akaitwa Robert Parris Moses. Alisoma falsafa hadi shahada ya uzamili Harvard, kisha akawa mwalimu wa hisabati katika shule ya Horace Mann, New York. Angeweza kabisa kuzeekea pale. Mwaka 1960 akaona magazetini picha za wanafunzi weusi wa majimbo ya kusini waliokuwa wakikaa kwenye migahawa ya wazungu na kukataa kuinuka. Nyuso zile zilimkaa moyoni, na likizo ilipofika akafunga safari kwenda Atlanta kujitolea. Huko alimkuta Ella Baker, mama aliyekuwa akiwalea vijana wa chama kipya cha wanafunzi, SNCC, na ambaye aliamini kwamba watu imara hawahitaji kiongozi imara. Kutoka Atlanta akateremka Mississippi, akakutana na Amzie Moore, mfanyakazi wa posta katika mji mdogo wa Cleveland, aliyekuwa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mzee Moore hakuwa na shida na migahawa. Alimwambia kijana yule kwamba wanachokitaka watu wake ni kura.

Kura ilikuwa na mtihani. Nataka nikae hapo kidogo, maana mitihani ndiyo kazi yangu. Mtu aliyetaka kuandikishwa Mississippi alijaza fomu ndefu ya maswali, akapewa ibara moja kati ya 285 za katiba ya jimbo, akatakiwa kuinakili kwa mkono na kuieleza maana yake. Msahihishaji alikuwa karani wa wilaya, mzungu, na jibu sahihi lilikuwa lile atakaloridhika nalo yeye. Mwalimu mweusi mwenye shahada aliweza kuanguka, na mzungu ambaye hata kusoma kwenyewe kulikuwa kwa shida akapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 weusi walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya watu wa jimbo lile, lakini walioandikishwa hawakufika asilimia 7 ya waliostahili.

Mtihani wa namna hiyo unafanya kazi mbili. Unamzuia mtu, kisha unamwaminisha kwamba amezuiwa na ujinga wake mwenyewe. Hiyo kazi ya pili ndiyo inayonitisha, kwa sababu naiona darasani kwangu. Unamwita mtoto wa kidato cha kwanza ubaoni anakwambia, "Mwalimu, kwangu hesabu hazipandi." Hasemi kwa huzuni. Ameshakubali, ana miaka kumi na mitatu. Na sisi watu wazima tunacheka naye, tunamwambia hata sisi hazikupanda, tunadhani tumemfariji.

Agosti 1961 Moses alikuwa McComb, kusini mwa Mississippi, akiwafundisha watu jinsi ya kuijaza fomu ile. Siku moja mwishoni mwa mwezi aliwasindikiza wawili kwenda kujiandikisha Liberty, makao ya wilaya ya Amite. Karibu na mahakama akavamiwa na mzungu mmoja, ndugu wa sherifu, akapigwa kichwani kwa mpini wa kisu. Aliinuka akiwa ametapakaa damu, akaendelea na safari kuelekea mahakamani. Baadaye akashonwa nyuzi, na bado akarudi kumshtaki aliyempiga, jambo ambalo mtu mweusi wa wilaya ile hakuthubutu. Jopo la waamuzi, wote wazungu, likamwachia mshtakiwa.

Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo aliuawa Herbert Lee, mkulima, baba wa watoto tisa, ambaye alikuwa akimzungusha Moses kwa gari lake kutoka nyumba hadi nyumba. Alipigwa risasi mchana kweupe, mbele ya watu, kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Aliyempiga, E. H. Hurst, alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Mississippi. Akasema alijihami, ikawa basi. Shahidi mweusi, Louis Allen, alilazimishwa kuunga mkono uongo huo. Alipotaka kusema kweli akaandamwa kwa miaka, hadi naye alipouawa Januari 1964. Kwenye maziko ya Lee, mjane wake aliwaendea Moses na mwenzake, akawaambia wao ndio waliomuua mume wake.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Wanasiasa wetu wangekuwa na jibu tayari kwa mama yule: damu ya mashujaa, mapambano yanaendelea, kitu kama hicho. Moses aliyabeba maneno yake miaka yote na aliyasimulia hadi uzeeni bila kujitetea. Pia hakuondoka. Aliendelea Mississippi, na Februari 1963, nje ya mji wa Greenwood, gari alilokuwamo likamiminiwa risasi. Dereva, kijana Jimmy Travis, alipigwa shingoni, Moses akaushika usukani.

Kuna jambo lilitokea mwaka huo ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha yake. Alikuwa mbele ya jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Greenville, na jaji akamuuliza kwa nini wanawapeleka watu wasiojua kusoma kwenda kujiandikisha. Moses alijibu kwamba nchi haiwezi kuwanyima watu elimu kwa mipango yake ya kisiasa, kisha iwageukie na kuwaambia hawana haki ya kupiga kura kwa sababu hawana elimu. Alipokuja kuzeeka alikuwa akiieleza elimu ile kuwa ni elimu ya kibarua wa shamba la pamba: mtoto anapewa kiasi cha kumtosha kwa kazi ambayo wengine wameshampangia.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyomo kwenye vitabu vingi, kwa hiyo naipita haraka. Mwaka 1964 Moses alikuwa mpangaji mkuu wa ule uliokuja kuitwa Msimu wa Uhuru, ambapo wanafunzi wa vyuo wapatao elfu moja, wengi wao wazungu, waliingia Mississippi kuandikisha wapiga kura na kufundisha katika Shule za Uhuru zaidi ya 40. Watatu waliuawa mwanzoni kabisa, tarehe 21 Juni: James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Miili yao ilikuja kufukuliwa Agosti. Mwezi huohuo wajumbe wa chama ambacho Moses na wenzake walikianzisha Mississippi walikwenda Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, kudai viti vya Mississippi. Fannie Lou Hamer, mama wa mashamba ya pamba aliyefukuzwa alikokuwa akiishi kwa sababu alijaribu kujiandikisha, alitoa ushuhuda mbele ya kamera, na Rais Johnson akaitisha haraka mkutano wa waandishi ili matangazo yahamie kwake. Walipewa viti viwili vya kuwanyamazisha, wakavikataa. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, na kufikia mwaka 1967 karibu asilimia 60 ya weusi wa Mississippi waliostahili walikuwa wameandikishwa.

Katikati ya hayo yote Moses alikuwa mtu wa sauti ya chini. Waliofanya naye kazi husimulia kwamba mikutanoni alipenda kukaa nyuma, kuuliza swali, kisha kusubiri. Wakulima waliokuwa hawajawahi kuzungumza mbele ya watu walijikuta wanazungumza kwa sababu yeye alinyamaza. Sifa zake zilipozidi, na vijana wakaanza kumtazama yeye kila panapotakiwa uamuzi, aliacha kutumia jina la Moses akabaki na Parris, kisha akajitoa kwenye uongozi. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo, wanasema alilitelekeza jahazi. Mimi naona alifanya alichofundishwa na Mama Baker. Kiongozi ambaye akiondoka kila kitu kinalala hajawajenga watu, amejijenga mwenyewe.

Vita vya Vietnam ndivyo vilivyomleta kwetu. Mwaka 1966, akiwa na miaka 31, alipata barua ya kuitwa jeshini ingawa umri wa kuitwa ulishampita. Alikuwa akiipinga vita ile hadharani. Akaenda Canada, na kutoka huko akaja Tanzania na mke wake, Janet. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na Waamerika weusi kadhaa walikuwa wakija kuishi na kufanya kazi hapa. Wawili hao walipangiwa Same, chini ya milima ya Upare, na huko mume akarudi kwenye chaki aliyoiacha New York. Watoto wao watatu kati ya wanne walizaliwa Tanzania. Familia ikarejea Marekani mwaka 1976, naye akarudi Harvard kuendelea na falsafa.

Mwaka 1982, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, binti yake mkubwa, Maisha, alikuwa anaingia darasa la nane. Shule yake haikuwa na aljebra. Mwalimu wa darasa akamwomba baba aje afundishe, na baba akakubali kumfundisha Maisha pamoja na wenzake wachache. Mwaka huo alipata tuzo ya MacArthur, fedha ambazo mtu hupewa atumie atakavyo, na alizitumia kuanzisha mradi wa kufundisha aljebra. Alilinganisha aljebra na kura ya mwaka 1961, na alimaanisha. Katika nchi ile mtoto asiyeishika aljebra mapema anafika sekondari njia ya hisabati za chuo ikiwa imeshafungwa, na kazi za kompyuta na uhandisi zinamkwepa kabla hajazijua. Waliokuwa wakifungiwa walikuwa walewale: weusi, maskini, watoto wa wahamiaji.

Alichokiona kwa watoto ni kwamba walikwama kwenye namba hasi. Kwenye hesabu za shule ya msingi namba hujibu swali la ngapi. Kwenye aljebra inabidi ijibu pia swali la upande gani. Basi akawapandisha treni za mji wao, njia nyekundu, wakachagua kituo kimoja kiwe mwanzo, wakahesabu vituo kwenda huku na kuja huku. Wakachora safari yao, wakaisimulia kwa maneno ya kawaida, wakayachambua maneno hayo hadi yakawa ya kihisabati, na alama zikaja mwisho.

Niliposoma hapo nilisimama, maana shule yangu iko Dar es Salaam, jirani na barabara ya Morogoro, na mabasi ya mwendokasi yanapita mbele yetu mchana kutwa. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, tukaandika barua kwa wazazi, tukaenda kwa makundi saa nne asubuhi, saa ambayo mabasi hayajajaa sana. Kila mmoja alikuwa na daftari. Kabla hatujaondoka niliwauliza sifuri tuiweke wapi. Wavulana wa mbele wakasema Kimara, kwa sababu ndiko mwisho. Wengine wakasema Kivukoni. Binti mmoja, ambaye mama yake anauza mihogo ya kukaanga karibu na kituo, akasema Ubungo, "kwa sababu sisi sote tunapandia pale." Walibishana kwa muda mrefu na niliwaacha wabishane. Mwishowe wakakubaliana Ubungo, na jambo ambalo huwa nalieleza kwa shida ubaoni, kwamba sifuri huwekwa pale tunapokubaliana kuanzia, walikuwa wameligundua wenyewe.

Kuelekea Kimara wakaita chanya, kuelekea mjini wakaita hasi. Ubungo Maji ikawa chanya moja, Kibo chanya mbili. Upande wa pili Shekilango ikawa hasi moja, Urafiki hasi mbili. Tulipanda hadi Kibo, tukashuka hadi Urafiki, tukarudi Shekilango na kuteremka. Darasani nikawaambia waandike kila kipande cha safari kwa Kiswahili chao. Najua utaratibu unataka somo liende kwa Kiingereza, na tulifika kwenye Kiingereza. Lakini mtoto anayetafuta neno la kigeni na wazo jipya kwa wakati mmoja hupoteza vyote viwili, nimeliona hilo tangu nianze kazi. Wakaandika: tulipandia Urafiki, tukashukia Shekilango, tumesogea kituo kimoja kuelekea Kimara. Nikauliza tulikoshukia ukilinganisha na tulikopandia ni wapi. Hapo ndipo tukafika kwenye kanuni, mwisho toa mwanzo, na ubaoni ikakaa −1 − (−2).

Yule binti wa mihogo akasimama. Kijana anayeongoza darasa alikuwa ameshasema jibu ni hasi tatu. Binti akasema, "Haiwezekani. Hasi tatu ni kuelekea mjini, na sisi tulikuwa tunatoka mjini. Tumesogea kituo kimoja tu, na kilikuwa upande wa chanya." Yule kijana akamjibu kwamba hasi na hasi zikikutana unajumlisha, ndivyo alivyofundishwa tuisheni. Binti akamwambia aje achore. Akaja, akachora mstari, akaweka vituo, akaanza kusogeza kidole kutoka Urafiki, kikafika Shekilango, akanyamaza. Kisha akafuta jibu lake mwenyewe na kuandika +1. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye dawati, na sikuwa nimesema neno. Kunyamaza pale kulikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha. Koo lilikuwa linaniwasha.

Si kila mtoto alifunguka siku ile. Wapo ambao safari waliifurahia na alama bado zinawashinda, na darasa langu lina watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja. Lakini wanapokwama sasa wanakwama kwa kuuliza swali, na hiyo ni hali tofauti kabisa na "hesabu hazipandi". Taifa zima linahitaji hali hiyo: kwa miaka mingi zaidi ya theluthi mbili ya watahiniwa wetu wa kidato cha nne wanaanguka Hisabati, na tumezoea kuitangaza habari hiyo kila Januari kana kwamba ni mvua.

Jambo la pili nililolichukua kwake linahusu wazazi. Kule Cambridge, Moses aliwauliza wazazi kama watoto wao wasome aljebra, karibu wote wakataka. Akawauliza kama watoto wote wa darasa wasome, wengi wakasita. Nilipopata nafasi kwenye kikao cha wazazi nikauliza maswali hayohayo. Shule yetu ina mikondo minne. Mkondo A una walimu kamili, na mkondo D ulikuwa umekaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati. Nani anataka mwanawe ajue hisabati? Mikono yote juu. Je, na watoto wote wa mkondo D? Mikono ikapungua, na baba mmoja akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, kila mtoto na uwezo wake."

Zamani ningelimjibu mimi, tena kwa hotuba. Nikawaomba wageuze viti, wakae kwa vikundi vidogo, wazungumzie hilo. Katika kikundi kimoja alikuwamo mama wa yule binti. Binti yuko mkondo D, alikuja kwenye safari yetu kwa sababu nilifungua nafasi kwa mikondo yote. Vikundi vilipotoa majibu mama huyo alisimama, mkono ukiwa bado umeshika mtandio, akasema: "Huo uwezo mmeupimaje, kama mwalimu hawajapewa? Mimi nauza mihogo, kila siku napiga hesabu ya mafuta, mkaa na faida. Mwanangu ananisaidia. Nani kamwambia hana uwezo?" Yule baba akasema, "Hapo mama umesema kweli." Nikakumbuka jibu la Moses kwa jaji wa Greenville. Mama yule hajawahi kulisikia jina hilo, na hoja yake ilikuwa ileile.

Wazazi wenyewe walichagua watu watano waende kwa mkuu wa shule na ratiba ya vipindi mkononi. Mimi sikwenda nao, ingawa waliniomba. Niliwaandalia takwimu za vipindi, wakaondoka nazo. Waliporudi mara ya pili mkondo D ulikuwa umegawiwa vipindi vya hisabati kutoka kwa walimu waliopo, mmoja wao nikiwa mimi. Vipindi havijatimia bado. Wazazi wamesharudi tena, na sasa wanazungumza na mratibu wa elimu wa kata.

Moses aliendelea hivyo hadi mwisho. Kuanzia miaka ya 1990 alirudi Mississippi na mradi wake, akawa anasafiri kutoka Cambridge kwenda kufundisha katika sekondari ya Lanier mjini Jackson, akiwa mtu mzima ambaye wengi wangedhani anastahili kupumzika. Watoto wake na wanafunzi wa mradi walianzisha shirika lao mwaka 1996, vijana wakiwafundisha wadogo zao hisabati. Alifariki tarehe 25 Julai 2021, akiwa na miaka 86, akiwa bado anadai kwamba katiba ya Marekani itambue elimu bora kuwa haki ya kila mtoto. Haijatambua.

Hilo la vijana kuwafundisha wadogo zao tunalianza muhula huu. Wa kidato cha tatu watakuwa na wa kidato cha kwanza kila Jumamosi asubuhi, mikondo yote ikiwa imechanganywa, na wazazi wa kamati ile wamekubali kuchangia chai na mihogo. Nahitaji chaki za rangi na ubao wa pili. Mwenye navyo anitafute.